Kikokotoo cha kaboni cha Gallery Climate Coalition: ni bure, kinafaa, ila kitumie kabla hujafunga orodha ya kazi za sanaa

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aondoke nayo. Kama unaandaa maonyesho ya sanaa, uwe una galeri kubwa au ni kyureta (yule anayechagua na kupanga kazi za maonyesho) wa kujitegemea mwenye laptop tu, hiki kikokotoo kinachopima kaboni inayotokana na maonyesho kitumie. Ni bure, kipo mtandaoni, hakihitaji uwe mtaalamu wa mazingira, na kinamaliza ubishi ambao kwenye vikao vyetu huwa unazunguka miezi bila jibu. Nyota 4 kati ya 5. Ile ya tano nimeizuia makusudi na nitaeleza kwa nini, maana sababu yake ndo kitu kinachonikera kuliko vyote kwenye hii habari ya maonyesho ya kijani.

Kwa wasioijua, Gallery Climate Coalition ni umoja ulioanzishwa London mwaka 2020 na watu wa sekta wenyewe, wenye magaleri na waandishi wa sanaa. Lengo lao ni sekta ipunguze kaboni angalau kwa 50% ifikapo mwaka 2030 na taka zikaribie sifuri. Saivi wanachama si magaleri tu, wamo pia makumbusho, wasanii na makampuni ya kusafirisha kazi za sanaa. Nasema hivi kwa sababu tofauti yake unaisikia ukikitumia, maswali kinayouliza ni maswali ya mtu aliyewahi kufunga kreti, yaani sanduku la kusafirishia kazi, na kugombana na kampuni ya mizigo, tofauti kabisa na vile vikokotoo vya jumla vinavyokuuliza unakula nyama mara ngapi kwa wiki.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Unaweka umeme na gesi ya jengo, unaweka safari za watu, unaweka mizigo: imetoka wapi, imeenda wapi, uzito gani, kwa ndege, kwa meli au kwa gari. Kinakupa jibu kwa kaboni. Basi. Ila pale kwenye mizigo kaa kidogo, usipite haraka, kwa sababu hapo ndipo mtu anabadilika.

Chukua kazi moja ya kawaida, mchoro mkubwa au sanamu, ambayo ikishakuwa ndani ya kreti yake inafika kilo 200, na inasafiri kilomita 8,000. Kwa ndege ya masafa marefu, viwango vinavyotumika sana kwenye hesabu hizi ni takriban kilo 1 ya kaboni kwa kila tani moja inayosafiri kilomita moja, ukihesabu na madhara ya moshi wa ndege kule juu angani. Piga hesabu, kreti moja hiyo ni kama tani moja na nusu na zaidi ya kaboni, ya kwenda tu, kurudi hujaweka. Sasa iweke kwenye kontena la meli, hata ukiipa njia ndefu zaidi kwa sababu meli inazunguka, kilomita 12,000 tuseme, meli ya kontena inakula kama gramu 16 tu kwa tani kwa kilomita, jibu linakuja chini ya kilo 40. Kazi ni ileile na ukuta ni uleule, kilichobadilika ni kwamba mtu fulani aliamua mapema miezi kadhaa badala ya kuamua wiki mbili kabla ya ufunguzi.

Na ndo maana nasisitiza kwenye kichwa cha habari, kitumie kabla. Watu wengi wanakifungua maonyesho yakishaisha ili wapate namba ya kuweka kwenye ripoti ya mfadhili. Ukifanya hivyo unaandika historia tu, hakuna kitu unaweza kuokoa tena. Meli inataka muda, na muda kwenye maonyesho unatokana na lini kyureta amefunga orodha ya kazi. Yule anayebadili orodha mpaka dakika ya mwisho, akitaka kile kipande kimoja kutoka bara jingine "ili ukuta upumue", huyo ndo anayeamua ndege au meli, wala si kampuni ya mizigo. Kwa hiyo weka orodha mbili au tatu za majaribio mle ndani, linganisha, halafu nenda nazo kwenye kikao. Nakuhakikishia mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Mnaacha kubishana kuhusu vikombe vya karatasi siku ya ufunguzi na mnaanza kuuliza hivi hii kazi ya 14 inafanya nini hasa humu ndani, inasema kitu gani ambacho zile 13 hazijasema.

Kitu kingine kinachojitokeza ni uzito wa kreti yenyewe. Mara nyingi kreti ya mbao ni nzito kuliko kazi iliyomo, na ndege haiulizi kipi ni sanaa na kipi ni ubao, yote inabebwa. Ukiona hilo kwenye namba unaanza kuuliza kama kazi zile zinaweza kukaa mbili mbili, kama picha inaweza kusafiri bila fremu na ikatengenezewa fremu inakofika, kama kuna kreti za kukodi. Zipo, kreti za Turtle za kule Uholanzi zimeundwa kwa ajili ya kutumika tena na tena, ndani zinarekebishika kulingana na ukubwa wa picha, unakodi na kurudisha. Linganisha na zile kreti za mbao za kazi moja safari moja, zinafunguliwa, zinakaa stoo, halafu siku moja mtu anasema hatuna nafasi na zinaenda jalalani na sponji zake zote.

Halafu kuna yule mfanyakazi wa makumbusho anayepanda ndege kuisindikiza kazi, anasimama pembeni kreti ikifunguliwa, anajaza fomu ya hali ya kazi, anarudi. Tangu korona makumbusho mengi yamekubali kufanya hivyo kwa video, unashika simu karibu kabisa na kona ya fremu, mwenzako wa upande wa pili anaangalia kila mkwaruzo na mnajaza fomu pamoja. Kwa kazi tete sana bado naelewa mtu kuja mwenyewe. Ila weka safari hiyo kwenye kikokotoo uone, halafu jiulize kama hii ni kazi tete au ni mazoea.

Ugumu wake sasa. Kwanza data. Usipokuwa na mtu anayetunza risiti na bili vizuri utateseka, kwa sababu kinachokuuliza ni uzito halisi na njia halisi, na ankara za mizigo mara nyingi zinaandika uzito wa kukadiria kwa ujazo wa boksi, ambao unatumika kutoza hela na si lazima ulingane na kilo za kweli. Mwambie msafirishaji tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba unataka kilo halisi na unataka kujua mzigo umepitia wapi. Wengi watakupa ukiomba mapema, ukiomba baada ya kulipa unaanza kubembeleza. Pili umeme, kama mnapanga chumba ndani ya jengo kubwa na mwenye jengo ndo analipa bili, inabidi ukadirie kwa kugawa eneo lenu na eneo la jengo zima, inawezekana lakini andika kabisa kwamba umekadiria. Tatu, safari za watazamaji. Kwa nyumba kubwa ya sanaa inayovuta watalii hili si jambo dogo hata kidogo, ila hesabu ya kawaida ya galeri inaishia kwenye yale mnayolipia nyie, kwa hiyo usije ukatangaza kwa mbwembwe kwamba maonyesho yenu "hayana kaboni" wakati nusu ya waliokuja wamepanda ndege.

Kuhusu kulipia miti ipandwe mahali ili ujione msafi, napenda msimamo wa hawa Gallery Climate Coalition. Wanasema punguza kwanza, na pesa ya kufidia iende kwenye kile wanachokiita mfuko wa kimkakati wa tabianchi, yaani unajipangia bei kwa kila tani uliyotoa na hela hiyo unaielekeza kwenye kazi inayoleta mabadiliko ya kweli, na hudai kwamba tani zako zimefutika. Huo ni uaminifu. Zimetoka, zimetoka.

Kwenye umeme, kikokotoo kitakuonyesha namba ila uamuzi uko kwenye mikataba yenu ya kuazima kazi. Kwa miaka mingi kiwango kilichokuwa kinaheshimika kama sheria ni nyuzi joto kama 20 na unyevu 50% na ruhusa ya kupanda na kushuka 5% tu, mchana na usiku, mwaka mzima, jengo liwe wapi liwe. Viyoyozi vinakesha. Ila lile kundi la wakurugenzi wa makumbusho makubwa, Bizot, lina mwongozo wake wa kijani unaokubali nyuzi 16 mpaka 25 na unyevu kati ya 40% na 60% kwa kazi nyingi, mradi mabadiliko yasiwe ya ghafla, na miaka ya karibuni makumbusho ya Guggenheim Bilbao ya Hispania ni kati ya waliolegeza masharti yao hadharani. Sasa jamani, kama wao wamelegeza, kwa nini galeri ndogo yenye sanamu za chuma na plastiki bado inaandika masharti ya mwaka 1980 kwenye mkataba? Yamekopiwa tu kutoka mkataba wa zamani. Kazi za mbao zilizopakwa rangi, picha za zamani, filamu, hizo zina mahitaji yake na mhifadhi, yule mtaalamu wa kutunza kazi zisiharibike, asikilizwe. Lakini chuma, kauri, mawe, kazi za video, kaa na mhifadhi mpitie moja moja muulizane inahitaji nini hasa, halafu yale yanayohitaji ulinzi mkali yawekwe kwenye chumba kimoja au sanduku la kioo lenye hewa yake badala ya kupoza jengo zima.

Taka za ujenzi wa maonyesho kwenye kikokotoo hiki hazina uzito zinaostahili, na ningependa waongeze nguvu. Kuta za MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, zinazojengwa na kubomolewa, maandishi ya stika za plastiki ya PVC yanayobanduliwa yakatupwa, zulia la wiki nane. Kwa hilo angalia walichofanya Design Museum ya London kwenye maonyesho yao ya 2021 kuhusu taka, walijenga sehemu za kuta kwa matofali yasiyochomwa, wakapima athari za maonyesho yenyewe, kisha wakatoa mwongozo wa usanifu ambao mtu yeyote anaweza kuusoma bure. Kanuni ndogo ndogo za mle zinafika mbali: kaza kwa skrubu usigundishe kwa gundi, maana kilichogundishwa hakifunguki, na kabla hujachora kuta mpya uliza maonyesho yaliyotangulia yameacha nini.

Haya, nyota ya tano.

Kikokotoo kinahesabu kaboni ya safari, hakijui nani amesafiri. Ndege ya mjumbe wa bodi anayekuja kula chakula cha jioni siku ya ufunguzi na ndege ya msanii kijana ambaye hii ndo mara yake ya kwanza kuonyesha nje ya nchi yake, ambaye amesota foleni ya viza na ameonyesha taarifa za benki mpaka amechoka, zote zinaandikwa kwa namba ileile. Kwa fizikia ni sawa, moshi ni moshi. Ila kwa kyureta si sawa hata kidogo, na nimeshaanza kuona mahali watu wanapoelekea, bajeti ya kaboni, yaani kiwango mlichojiwekea msikipite, imebana kwa hiyo "tuchukue wasanii wa karibu". Karibu na nani? Karibu na miji ile ile yenye magaleri mengi na pesa nyingi, ambayo kwa miaka yote ndo imechoma mafuta zaidi. Yaani aliyechangia kidogo kwenye tatizo ndo wa kwanza kukatwa kwenye orodha kwa jina la kulitatua. Hapana. Hilo mimi sikubali, na nasema kama mtu anayekipenda hiki kifaa.

Ninachofanya ni kugawa safari kwenye mafungu kabla sijaingiza chochote. Fungu la msanii na wasaidizi wake linalindwa, halikatwi mpaka mengine yote yamekatwa. Linalofuata ni la mafundi wanaofunga kazi ukumbini. La mwisho kabisa ni la wageni wa heshima, wanunuzi, na sisi makyureta wenyewe tunaozunguka kwenye bienale, yale maonyesho makubwa ya kila miaka miwili, moja baada ya nyingine tukisema ni utafiti. Msanii Gustav Metzger alishalisema hili mwaka 2007 kule Münster, Ujerumani, na kampeni yake ya kupunguza ndege za sanaa, na watu wakapokea kipeperushi wakaendelea kupanda ndege. Na msanii akija, aje akae. Wiki tatu badala ya siku tatu, nyumba mbili au tatu za sanaa zishirikiane kumleta, afundishe, atengeneze kazi papo hapo kwa vifaa vilivyopo.

Na kuna njia ambazo kazi inasafiri bila kitu kusafiri. Kyureta Hans Ulrich Obrist alianza "do it" mwaka 1993 baada ya mazungumzo na wasanii Christian Boltanski na Bertrand Lavier, maonyesho ya maelekezo tu, msanii anaandika, watu wa mahali wanatengeneza, na mpaka leo yanazunguka dunia. Ila hapa napo angalia maadili, maana maelekezo yakitumwa kwa barua pepe kuna mtu anayabeba kwa mikono yake, fundi seremala, mshonaji, mchomeleaji, na huyo anatakiwa alipwe na jina lake liwe ukutani.

Pesa ni jambo ambalo kikokotoo hiki hakiligusi kabisa, na sikilaumu, si kazi yake. Kwa hiyo naweka kingine pembeni yake, kile cha W.A.G.E., kundi la New York la tangu 2008 linalodai wasanii walipwe ada kwa kazi ya kuonyesha. Kikokotoo chao kinapanga ada kulingana na bajeti ya mwaka ya taasisi, ukubwa wako ndo unaamua kiwango chako. Viwili hivi vikiwa wazi kwa pamoja kwenye skrini unaona kitu kizuri: tofauti ya bei kati ya ndege na meli mara nyingi inatosha kabisa kulipa ada ya msanii ambayo mlisema haipo. Ikiokolewa iende huko moja kwa moja, iandikwe kwenye bajeti kwa mstari wake, isimezwe na matangazo.

Kuna na swali la hela imetoka wapi, ambalo kwenye fomu linasomeka sifuri. Kampuni ya mafuta ya BP iliidhamini Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, kwa miaka 26 mpaka mkataba ukaisha 2017 baada ya kelele za miaka ya wanaharakati wa Liberate Tate, na hakuna kikokotoo cha umeme na mizigo ambacho kingeonyesha tatizo hilo. Mpiga picha Nan Goldin na wenzake walilala sakafuni kwenye makumbusho kudai jina la Sackler, familia ya wafadhili wenye kampuni ya dawa, liondolewe kwa sababu ya dawa za maumivu zilizoua watu, Louvre wakaliondoa 2019, Metropolitan ya New York 2021. Maonyesho yenye kaboni kidogo kwa pesa ya namna hiyo, siwezi kuyaita ya maadili.

Watu wananiuliza kama kutoa namba hadharani hakuleti aibu. Msanii Olafur Eliasson alileta vipande 12 vya barafu ya Greenland mpaka Paris mwaka 2015 wakati wa mkutano wa tabianchi, vikayeyuka mbele ya watu, na hesabu ya kaboni ya kazi hiyo ilifanywa na Julie's Bicycle, shirika la sanaa na mazingira, na ikatangazwa, tani 30. Unaweza kusema ni nyingi kwa kazi moja, na mimi kidogo naegemea huko, lakini tunaweza kubishana kwa sababu namba ipo mezani. Linganisha na kazi ya kundi la wasanii la Nest Collective la Nairobi pale documenta 15, maonyesho makubwa ya sanaa ya Ujerumani, mwaka 2022, banda zima la marobota ya mitumba limewekwa kwenye bustani ya Kassel, nguo zilezile ambazo Ulaya inazituma kusini zimerudishwa mlangoni. Ile kazi inasema kuhusu mwelekeo wa mizigo kuliko jedwali lolote: nani anatuma, nani anapokea, takataka inaishia kwa nani. Ukiiweka kwenye kikokotoo utapata kilo na kilomita za marobota, na ni sawa uziweke, ila usidhani umeipima.

Kwa hiyo nyota 4 zinabaki, na naziweka kwa moyo mweupe. Ukianza, chukua maonyesho mnayoyapanga kwa mwakani, yale ambayo orodha bado ni penseli. Ingiza mizigo kwanza, halafu ndege za watu kwa mafungu niliyosema, umeme ufuate mkipata bili za miezi 12. Ripoti ya namba ikitoka mtumie msanii naye aione, kabla ya mfadhili, maana mara nyingi yeye ndo mwenye wazo la jinsi ya kuifanya kazi yake iwe nyepesi na hakuna aliyewahi kumuuliza.